Rundo la Marehemu

Kompyuta zilipoletwa hospitalini kwetu, tuliambiwa chumba cha mafaili kiwe wazi kabla ya mwezi kwisha. Nilikuwa nimekitunza miaka kumi na tisa, tangu mume wangu arejee kwa Mola wake. Shule niliishia darasa la sita, lakini mtu akitaja jina lake dirishani, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye faili.

Karani aliyeletwa kutoka Garissa kuingiza wagonjwa kwenye mashine aliitwa Bishar. Aliniita eddo, yaani shangazi.

"Eddo Maka, mafaili ni elfu saba na mikono yangu ni miwili," aliniambia. "Marehemu hatuwaingizi. Wewe unawajua watu. Nitolee waliokufa, tuwachome."

"Kusema fulani amekufa ni ushahidi, Bishar."

"Basi toa ushahidi haraka. Mimi nimepewa wiki tatu."

Nikaanza kwa bismillahi. Kila marehemu nilimwombea rehema, nikaweka faili lake kando ya mlango. La mume wangu nililiweka kwa mkono wangu.

Sasa, kwetu majina matatu hayatoshi kumjua mtu. Idman Yarow Jelle walikuwa wanawake wawili, na wote serikali iliwaandika tarehe moja Januari, mwaka uleule, kama inavyowaandika wasiojua siku yao. Sisi tuliwatenganisha kwa jina la utani: mmoja Idman Dheer, yaani mrefu, mwingine Idman Gaaban, mfupi. Nilikuwa nimeyaandika kwa penseli juu ya mafaili yao.

Lakini mtu akifa, utani unakufa naye. Ni adabu. Wiki ile habari ilifika kutoka Modogashe, ikatangazwa msikitini kwamba Idman Yarow Jelle ametangulia mbele ya haki. Hakuna aliyesema Dheer wala Gaaban. Dheer alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi, nikasema moyoni, ni yeye. Ningeweza kuuliza. Wanawake waliotoka matangani walipita mbele ya dirisha langu. Niliona haya kumtaja maiti kwa urefu wake, na Bishar alikuwa akihesabu siku. Nikalitoa faili la Dheer. Lilikuwa nene, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi mekundu. Jioni yake likaungua shimoni nyuma ya jiko.

Siku kumi baadaye Idman Dheer aliingia akiegemea fimbo, mguu umefungwa kitambaa.

Nilikuwa nimeshika ufagio, maana kazi yangu sasa ilikuwa hiyo.

"Idman Yarow Jelle," Bishar akasoma kwenye kioo cha kompyuta. "Yupo. Mama wa watoto tisa."

"Tisa?" Idman akacheka. "Mbona wanaonimalizia sukari nyumbani ni wawili? Iulize mashine yako hao saba imewaficha wapi, waje wateke maji."

Watu wakacheka. Bishar naye akacheka, akampeleka kwa Billow, daktari wetu, nami nikawafuata na ufagio wangu. Billow akatazama mashine yake. "Hakuna ugonjwa wa zamani. Sindano hii alishadungwa mara mbili bila shida." Akaivuta dawa kwenye bomba la sindano.

Ufagio uliniponyoka. "Daktari, usimdunge. Hizo habari si zake. Aliye kwenye mashine ndiye aliyekufa. Faili la huyu nililitoa mimi, likachomwa."

Bomba likabaki hewani. "Liliandikwa nini?"

"Kulikuwa na wino mwekundu. Kiingereza cha daktari. Sikuweza kukisoma."

Idman akanitazama kwanza mimi, kisha mguu wake. "Mwaka wa ukame walinidunga nikavimba mpaka macho yakafunga. Sindano gani, abaayo, dada yangu, mimi sijui. Nilijua nyinyi mmeandika."

Billow akaiweka sindano chini. Alisema dawa za kidonda kama kile alikuwa nazo mbili tu, na yoyote kati ya hizo ingeweza kuwa ndiyo iliyomvimbisha. Hawezi kubahatisha roho ya mtu. Akaandika apelekwe Garissa.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Gari lilikaa matopeni siku tatu. Walipofika, mguu ulikuwa umekuwa mweusi mpaka kwenye muundi, wakaukata chini ya goti.

Bishar alinikuta uani nikilia kabla hajaondoka. "Eddo, usijilaumu. Mashine haina mahali pa jina la utani."

"Mimi nilikuwa na mahali," nikamwambia.

Idman aliporudishwa kwake, nilikwenda na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, isiyotiwa sukari. Nikaketi mkekani, nikamweleza yote, hata ile haya yangu, nikamwomba anisamehe kabla mmoja wetu hajaitwa.

Alikunywa polepole, macho yake ukutani.

"Allah ni Mwenye kusamehe," akasema. "Mimi bado, Maka. Uje Ijumaa uniulize tena."

Nimekwenda Ijumaa nne. Namfulia vitambaa, namchotea maji ya udhu, na anaswali ameketi. Chai anaipokea. Nikimuuliza, anasema bado.