Keki ya Alhamisi ya Manowari 213

Alhamisi, saa tisa kasoro robo alasiri, Gesche Ommen alifunika taipureta yake, akatoa kwenye mkoba keki ya turnipu, ile mboga ya mizizi, akaomba ruhusa ya nusu saa ashuke gatini. Alhamisi ni Jumapili ya mabaharia. Siku hiyo manowari zote za Kijerumani hula keki na kahawa, vita iwe vita. Mwaka ule wa 1917 unga ulikuwa umeadimika katika bandari ya Wilhelmshaven, na kahawa ilikuwa shayiri iliyounguzwa, lakini mila ni mila.

Manowari 213 iliingia saa tisa barabara. Ilikuwa imezama wiki tatu nyuma. Mlinzi wa gati aliandika saa ya kuingia, akauliza kama kuna wagonjwa, akajibiwa hakuna, wote wamekufa. Akawaonyesha pa kufunga kamba.

Onno, mume wa Gesche, mtia makaa, alishuka huku maji yakimchuruzika. Gesche alimpa taulo, kisha keki.

"Turnipu tena?"

"Kama huko chini kuna siagi, si ungeleta?"

"Huko chini hata turnipu hakuna, mke wangu. Haya, kata kikubwa."

Gesche alimpenda sana mwanamume huyu. Kumwona akila kulimfurahisha na kumuuma kwa pamoja.

Onno alijifuta mdomo. "Lile bomu la kutegwa baharini lililotuzamisha lilikuwa letu," alisema. "Nimesoma chapa yake, la kiwanda cha kwetu. Mabomu kama hayo yamejaa usawa wa boya la tatu, pale ramani inaposema pako wazi. Na kesho 214 inapita hapohapo."

Mpishi wa 214 alikuwa Tjark, kaka yake Gesche wa pekee. Gesche akapanda ngazi mbio hadi kwa Kapteni Volquardsen, mkuu wa ofisi ya historia za manowari. Alimkuta anachonga penseli.

"Afande, ile historia ya 213 niliyopiga taipu ina kosa. Tumeandika imezamishwa na adui. Ni bomu letu."

"Nani kasema?"

"Mume wangu. Yuko gatini anakula keki."

Kapteni alichungulia dirishani, akaiona manowari. "Anaendeleaje?"

"Amelowa."

"Bi Ommen, neno lake nalikubali kabisa. Lakini kanuni inataka ripoti itiwe saini na nahodha aliye hai."

"Nahodha wao alikufa naye, Afande!"

"Hapo ndipo alipokosea. Tena jalada limeshagongwa muhuri. Nikiandika bomu letu, wataniuliza nani aliyetega mabomu pale bila kusahihisha ramani. Na huyo alipewa nishani Jumatatu. Nilimvisha mimi."

"Basi 214 ipite mbali na boya, basi! Kaka yangu yumo."

"Ipite mbali kwa sababu gani? Ramani haina kitu." Kapteni alimhurumia kweli. Akafungua mtoto wa meza, akampa vidonge viwili vya sukari kutoka kwenye mgao wake mwenyewe. "Tia kwenye keki."

Gesche alimkuta Tjark jikoni mwa 214, anamenya turnipu.

"Usitoke kesho, kaka. Onno amesema."

"Nahodha anajua, dada. Amesema Onno hajawahi kuwa mwongo. Lakini amri imeshapigwa taipu." Tjark akatupa ganda. "Nikibaki napigwa risasi na chakula cha mchana kinaungua. Bora niende."

Gesche alilia pale pale, na Tjark akamshikisha kitambaa cha sahani.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, Gesche alipiga taipu historia ya Manowari 214: imezamishwa na adui. Saa tisa alishuka na keki mbili. Mlinzi aliiomba 213 isogee mbele kidogo, 214 ipate nafasi.

Tjark alishuka, kofia ya upishi imejaa maji. Akaonja.

"Leo kuna sukari!"

"Ya Kapteni."

"Mtu mwema," alisema Tjark, mdomo umejaa.

Onno alijilamba vidole. "Kesho ni zamu ya 215," alisema.

Gesche akaacha kisu juu ya keki, akapanda ngazi mbio. Kapteni Volquardsen alikuwa anachonga penseli. Vidonge viwili vya sukari alikuwa ameshaviweka mezani.