Nyumba Isiyo na Haya

Jaribu kuishi siku moja kwa Kiswahili bila kusema "haya", halafu uje usimulie. Gakii alitakiwa aishi hivyo mpaka mgongo wa Tangawizi upone, na alikubali upesi kwa sababu hakujua anakubali nini.

Tangawizi alikuwa mbwa wa rangi ya jina lake, mwili mrefu na miguu mifupi, kana kwamba vipimo vilichanganywa. Asubuhi moja aliruka kutoka kwenye kochi, akalia mara moja, na miguu ya nyuma ikagoma. Daktari wa wanyama alimpasua mgongo, akamrudisha nyumbani kwa Gakii, Kilburn, huko ughaibuni, na masharti: akae kizimbani, asiruke, na akitolewa kwenda haja, sehemu yake ya nyuma ibebwe kwa kitambaa kilichopitishwa chini ya tumbo. Akiruka mapema, mgongo ungeharibika tena, na daktari hakuahidi kwamba mara ya pili angeweza kuutengeneza.

Kwa kitambaa, Gakii alichagua leso yake kuukuu ya kujifunga kiunoni. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao, kwa hiyo kumwinua asiyejiweza hakukumtisha. Kilichomshinda ni neno.

Siku ile ile dada yake Makena alimpigia simu kutoka Meru. Walipomaliza, Gakii aliaga kama watu wote wanavyoaga: "Haya, haya basi." Kizimbani Tangawizi akajirusha kwa miguu ya mbele, akagonga waya kwa kichwa, kiuno kikiburutika nyuma. Binti wa Gakii, Wambui, alitoka jikoni mbio.

"Mum, you can't say that word!"

Wambui alikuwa na haki. Kwa mbwa yule neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Kila asubuhi Harrison, mume wa Gakii, alikuwa akivaa kofia, akitoa kamba ya mbwa msumarini, akisema, "Haya," na wawili hao wakishuka ngazi kwenda bustanini. Harrison alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tangu hapo Wambui ndiye aliyemtembeza mbwa, tena kwa Kiingereza.

Basi neno likapigwa marufuku, na hapo ndipo Gakii alipogundua kwamba alikuwa akilitumia kuanza kupika na kumaliza kupika, kukubali jambo na hata kulikataa kwa adabu. Simu ndizo zilizoteseka zaidi. Bila neno lile hakuna aliyejua namna ya kukata.

"Sawa," Gakii alikuwa akisema.

"Sawa," Makena alijibu.

"Basi ndio hivyo."

"Ndio hivyo."

Kisha kimya, kila mmoja akimngoja mwenzake amwachilie. Makena alipoelezwa sababu, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo mnaishi kwa nyumba haina haya," alisema. "Na vile mama alitulea vizuri."

Gakii alicheka pia. Hakumwambia dada yake kwamba marufuku ile ilimpa nafuu. Siku ya mwisho hospitalini, Harrison alimwona akiitazama kwa kuibia saa ya ukutani, maana alikuwa na zamu. "Nenda, usiachwe na basi," alimwambia. "Haya." Gakii akaenda, na hakumkuta tena. Ndoa ya miaka mingi vile, na neno la mwisho likawa neno la kukatia simu. Lilimuudhi. Alimkasirikia Harrison kwa neno hilo, kisha akajikasirikia kwa kumkasirikia marehemu.

Wiki zikapita, mshono ukakauka, manyoya yakaanza kuota juu yake. Daktari akasema sasa Tangawizi aanze kusimama mwenyewe. Tangawizi hakuona haja. Akiwekwa kwenye zulia alilala ubavu, akawatazama kama mgeni aliyeshiba.

Ndipo akaitwa Leena kutoka mtaa wa Queensbury, ambaye kazi yake ni kuwafanyisha wanyama mazoezi ya viungo. Alikulia Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwa kimemtoka. Aliminya vidole vya nyuma vya mbwa, na mguu ukajivuta.

"Miguu inasikia," alisema. "Huyu hataki tu."

"Na asipotaka?" Gakii aliuliza.

"Misuli itaisha, mama. Mgongo utapona na bado hatatembea."

Wakajaribu soseji. Wakajaribu kuku. Wambui alilala kifudifudi zuliani akambembeleza kwa Kiingereza mpaka sauti ikamkatika. Mbwa alitikisa mkia kidogo kwa heshima, akafumba macho.

"Hakuna neno anapenda?" Leena aliuliza.

Wambui alimtazama mama yake. Gakii akatazama msumari ulio kando ya mlango, kamba bado inaning'inia pale. Aliogopa. Aliogopa kulisema na mbwa asiinuke. Aliogopa zaidi kwamba angeinuka.

"Si ataruka?"

"Shika leso. Akiruka utamzuia."

Gakii akapiga magoti, akapitisha leso chini ya tumbo la Tangawizi.

"Haya," alisema, kwa utulivu, kama alivyokuwa akisema Harrison.

Masikio ndiyo yaliyoinuka kwanza, kisha mabega. Halafu kiuno nacho kikapanda, miguu ikiyumba kama ya mlevi, na Gakii akahisi leso imelegea mikononi mwake. Hakuwa amebeba kitu. Wambui alikuwa analia na kurekodi kwa wakati mmoja, na video yake ilionyesha zulia tu.

Tangawizi hakumwangalia hata mmoja wao. Alijikokota mpaka mlangoni, akasimama pale akiutazama, akimngoja mwenye kofia.

Gakii alibaki amepiga magoti, uso umemlowa. Miezi yote hii alidhani kwamba kwa "haya" ile ya hospitalini Harrison alikuwa anamaliza. Kwa mbwa huyu neno lile halikuwahi kumaliza kitu chochote. Kwake lilikuwa neno la kuondoka pamoja.

Akajivuta mpaka kando yake. "Leo ni mimi," alimwambia. Tangawizi akamnusa kiganja, akaurudia mlango.

Gakii akainuka, akaitoa kamba msumarini.

"Mum, he's not allowed," Wambui alisema.

"Ni hapo kizingitini tu. Nimeshika leso." Akafungua mlango, baridi ya ngazini ikaingia. "Haya."