Gari Haliachwi Peke Yake

Usiku wa kuamkia leo niliota nakodi gari pale bandarini Kilindini, na mwenye kukodisha alikuwa tairi la spea. Limekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza, limevaa miwani, linakunywa chai ya tangawizi. Sikushangaa. Wala mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nimelala, hata paka wa jirani wapigane vita juu ya bati.

Lakini kwanza mjue habari za baba, maana safari yenyewe ilikuwa yake. Baba yangu, Bakari Mwachiti, alikuwa dereva wa watalii. Meli zile kubwa zikifunga gati, yeye huwa ameshaegesha gari lake, shati limepigwa pasi, anawangoja wageni wa siku moja wanaotaka kuona mandhari na kurudi melini kabla jua halijazama. Aliwapeleka Shimba, kwenye vilima vya Kwale. Wageni walishuka bondeni na askari wa wanyama hadi kwenye maporomoko ya maji, yeye akabaki na gari. Mabegi yamo ndani, nyani wa kule wanajua kufungua milango, na dereva haachi gari. Alifanya hivyo mpaka akastaafu. Tukiwa wadogo tulimuuliza, "Baba, maporomoko yakoje?" Akatujibu, "Mimi sijui. Mimi najua pa kuegesha. Pana mti, lakini kivuli chake ni cha asubuhi tu."

Sasa baba yuko kitandani, chumba cha pili. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia kabla ya Ramadhani, na tangu hapo hajatamka neno. Anautazama ukuta. Daktari alisema tumwongeleshe, basi namwongelesha, na anayenisikiliza ni ukuta. Wiki hii ameanza kukataa uji. Jana jioni nilikaa na kijiko mkononi nikaona kama ananiaga. Nikambadilisha kikoi, nikamvalisha kingine safi kilichotoka kwenye kamba, nikamfunika, nikaenda kulala nikilia.

Ndipo nikajikuta mbele ya lile tairi.

"Nataka gari la siku moja," nikaliambia. "Nampeleka baba kuona maporomoko."

"Baba mwenyewe yuko wapi?"

"Anashuka."

Na kweli alikuwa anashuka ngazi ya meli. Meli nyeupe, ndefu, haina jina ubavuni, madirisha yote yamefungwa mapazia. Baba amevaa shati lake la kazi na kile kikoi cha kulalia, na shingoni ananing'iniza kadi ya abiria. Anatembea kwa miguu yote miwili. Ningefurahi, lakini moyo ulinipasuka, maana meli ile niliijua. Msiniulize niliijuaje. Nilijua tu kwamba akiondoka nayo, asubuhi nitakuta kitanda kimepoa.

Tairi likaweka kikombe chini. "Sikiliza, dada. Jua likikaribia kuzama, meli inaita abiria wake, na abiria wote wanapanda. Dereva yeye anarudisha gari. Gari haliachwi peke yake hata kidogo. Na lirudi kama lilivyotoka."

"Nikiwa mbali nitajuaje kwamba meli inaita?"

"Ina honi. Utaisikia hata ukiwa ndani ya mtungi."

"Na wewe si kazi yako ni kukaa ndani ya gari?" nikauliza, maana mwenye kukodi lazima awe mwangalifu.

"Nimepandishwa cheo," likasema tairi, na likanipa ufunguo.

Gari lilikuwa lile lile la baba, lililouzwa zamani, na mlango wake bado unafungwa kwa kuubamiza mara mbili. Nikashika usukani. Baba akakaa upande wa kushoto, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Kila nilipokata kona, alikanyaga sakafu.

"Mwambie baba yako huko hakuna breki," gari likasema. "Ananiumiza."

"Baba, acha kukanyaga."

"Sikanyagi," akasema baba, akakanyaga.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu augue. Nilitaka kulia lakini nilikuwa naingia kwenye feri ya Likoni, na pale ukilia wanakugonga kwa nyuma.

Feri ilijaa kama siku zote, ila abiria wote walikuwa wageni wa baba wa miaka yote, wale wenye kofia pana na pua nyekundu. Walipiga picha za kila kitu. Walipiga kamba, mapipa, wakapigana picha wao kwa wao, na hapana aliyempiga baba. Mama mmoja mwenye kofia ya majani akageuza kamera kwetu, baba akajitengeneza kola. "Samahani," akasema yule mama, "nilikuwa namlenga kunguru aliye nyuma yako." Baba akasogea kunguru aonekane vizuri.

Tunafika ng'ambo, na ng'ambo ni sebule ya nyumbani. Napita polepole kati ya kochi na kabati la vyombo, naogopa kukwaruza televisheni. Mama, Mungu amrehemu, ana miaka mingi kaburini, lakini yuko kwenye dirisha la jikoni na chupa ya chai, kama alivyokuwa kila siku ya meli. Anampa baba ile chupa.

"Usiendeshe mbio," anamwambia.

"Leo siendeshi. Leo mimi ni abiria."

Mama akamtazama, akanitazama mimi. "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," akasema, akafunga dirisha asiunguze kitunguu.

Tukatokea nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ilikuwa barabara ya Kwale. Kibao kimeandikwa KAA KUSHOTO, na kila kitu kimetii. Mikorosho, mbuzi, msikiti, wauza mihogo, wote wamebanana kushoto, na kulia hakuna kitu kabisa, hata vumbi. Baba anauangalia ule utupu kwa muda mrefu. "Huo ndio upande wangu," akasema. Nikamgusa bega.

Halafu matuta. Mnayajua matuta ya barabara zetu, lakini haya yalipomwona baba yalilala chini yakawa bapa.

"Shikamoo, mzee Bakari," tuta la kwanza likasema.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Tulisikia unaumwa. Wewe ulikuwa unatupita kwa adabu, si kama hawa wengine."

Lilikuwepo tuta moja jipya, halimjui baba, likabinuka, gari likaruka. Matuta mengine yakalikemea hadi likaomba radhi, na baba akasema hapana neno, ni ugeni tu.

Tulipofika Shimba, mti ulikuwa pale pale na kivuli chake cha asubuhi. Chini yake alisimama palahala, yule mnyama wa pembe ndefu zilizopinda nyuma, amevaa sweta ya kijani ya askari wa wanyama. Kando, nyani na mwanawe wamepanga foleni, nyani ameshika bisibisi.

"Mgeni wa kushuka maporomoko ni nani?" palahala akauliza.

"Ni huyu," nikasema.

"Si mimi," akasema baba. "Mimi nabaki na gari."

"Baba, tumekuja kwa ajili yako."

"Na nani atabaki na gari?"

"Tunaweza kwenda wote. Tunafunga milango."

"Gari haliachwi peke yake," likasema gari, kwa sauti ya aliyeudhika.

"Sisi hatuna haraka," akasema nyani kwa upole. "Mkiondoka ndio tunaanza."

Basi nikashuka. "Nitabaki mimi, baba. Nenda."

Nilidhani atakataa. Lakini baba alinipima kwa macho kama anavyopimwa kijana wa kuajiriwa, halafu akanifundisha kazi. Nisimame ubavuni mwa gari. Mgongo niupe mandhari, uso niuelekeze milangoni. Nisikae ndani, nitasinzia. "Na mgeni akichelewa usimpigie honi," akasema. "Ametoka mbali kuja kuona. Wewe mngoje tu." Kisha akashuka bondeni nyuma ya palahala, chupa ya chai kwapani.

Nikasimama. Nyuma yangu nasikia maji, mbali, kama mtu anayemimina mchele kwenye ungo bila kuacha. Sigeuki. Kivuli kikaondoka, hakikuaga. Jua likanikaa utosini, miguu ikafa ganzi, jasho likashuka hadi kwenye visigino. Miaka yote ile, baba yangu, na wala hakuwahi kuja nyumbani akasema amechoka kusimama. Nilimwonea huruma.

"Baba yako alikuwa anatuwekea maganda ya ndizi," nyani akasema. "Mbali kidogo na gari. Ili tusikose wote."

Nikamwambia sina ndizi. Akasema haidhuru.

Hapo honi ikalia. Ilitoka baharini, ikapanda vilima vyote, majani yakatikisika. Meli inaita. Nilitia mkono dirishani kwenye honi ya gari, nikaurudisha. Usimpigie honi. Nikabaki pale nimegawanyika: akirudi, namrudisha melini; asiporudi, nimempoteza porini nami nimempa mgongo. Nilitaka arudi na nilitaka asirudi, vyote kwa moyo mmoja.

Akarudi. Anapanda taratibu, kikoi kimelowa hadi magotini, na pindo lote limejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo ya mtu aliyepita majanini. Chupa ya chai tupu.

"Yakoje?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Yana kelele nyingi. Yanashuka tu, hayana haraka ya kurudi popote. Nilikaa juu ya jiwe nikanywa chai." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Ningejua, ningewaambia wale wageni wakae kidogo zaidi. Nilikuwa nawaharakisha."

"Umefurahi, baba?"

"Nimefurahi sana, Mejumaa."

Honi ikalia mara ya pili, na jua limeshaegemea. Nikafungua mlango wa dereva, na mkono wangu ukiwa pale kwenye kitasa yakanijia maneno ya tairi, na nyuma yake jicho la mama pale dirishani. Abiria wote wanapanda. Dereva anarudisha gari. Kumbe tangu asubuhi mimi mwenyewe ndiye niliyemkalisha baba kwenye kiti cha abiria, kwa mapenzi.

Nikampa ufunguo. "Endesha wewe."

"Wewe je?"

"Mimi nimesimama tangu asubuhi."

Hilo alilielewa. Akaketi, akasogeza kioo, na kile kiti kikamkaa. Mimi nikaenda kwenye mlango wa kushoto, gari likanong'ona, "Hapo ni abiria, mwanangu." Nikaenda nyuma kabisa wanakowekwa mabegi. "Na hapa?" nikauliza. "Hapo ni mzigo," likasema gari. Nikakubali kuwa mzigo, nikajikunja.

Baba aliendesha bila mbio. Matuta yalilala, feri ikatungoja mlango wazi, na kwenye ule upande wa barabara uliokuwa mtupu mikorosho ilikuwa imeanza kurudi, mmoja mmoja, ikiburura mizizi.

Bandarini tulipokewa na nanga iliyovaa sare nyeupe. "Bakari Mwachiti," ikasema. "Abiria. Ngazi ndiyo ile."

Baba hakutoa mikono kwenye usukani. "Mimi ni dereva."

"Kadi ya abiria uliyovaa?"

Baba akaivua shingoni, akaitazama mbele na nyuma. "Mgeni kaisahau garini. Wageni husahau vitu." Akaipitisha dirishani kwa mikono miwili, kama alivyorudisha miwani na kofia za watu miaka yote. "Mpelekeeni. Akija siku nyingine, tupo."

Nanga ikachungulia. "Na huyo nyuma?"

"Mzigo."

Tairi la spea likaja likibingirika, likalizunguka gari pole pole, likagonga mlango. "Lilitoka na hawa wawili, limerudi na hawa wawili," likaiambia nanga. "Limerudi kama lilivyotoka. Wewe una shida gani?"

"Dereva hapandi," nanga ikakiri, ikaondoka.

Ngazi ikapandishwa. Meli ilipoanza kujitenga na gati, pazia moja likafunguka na yule mama wa kofia ya majani akatoa kamera dirishani. Kunguru hakuwepo. Alimlenga baba. Baba akajitengeneza kola.

Niliamka kumekucha. Sikupata ujasiri wa kwenda moja kwa moja chumba cha pili. Nilikoroga uji kwanza, nikaukoroga zaidi ya unavyotaka. Kisha nikasukuma mlango.

Baba hakuwa anautazama ukuta. Alikuwa ameuelekeza uso mlangoni. Midomo ikahangaika, upande mmoja ukiuburura mwingine, na sauti ikatoka nzito, ina kutu.

"Gari... umefunga?"

Niliweka bakuli la uji chini. "Nimefunga, baba."

Nikakaa kitandani nikainua shuka nimweke sawa. Kile kikoi nilichomvalisha jana, kisafi, kutoka kwenye kamba, kilikuwa na unyevu, na pindo zima limeshonwa na vimbegu vyeusi vya kishona nguo. Nikaanza kuvibandua kimoja kimoja, na baba akafungua kinywa kungoja uji.