Grisi Ndani ya Difu

Kona aliingia kwenye chumba cha kutengenezea meno bandia saa ya chakula cha mchana, akijua fika kwamba mtalaka wake atakuwa peke yake. Hakubisha hodi. Ndoa ilikuwa imevunjika lakini tabia ilibaki: kuingia popote alipo mwanamke yule kana kwamba anaingia chumbani kwake.

Mwanamke mwenyewe, ambaye watu wote walimwita Fundi, hakuinua kichwa. Alikuwa anasugua ufizi wa pinki wa meno bandia ya mteja.

"Umekonda," Kona alisema.

"Nina kazi. Sema shida yako."

Kona akaweka mezani gari dogo la rimoti, jeusi, lenye mikwaruzo pembeni. Fundi alilijua kuliko viatu vyake. Hakuna skrubu humo ambayo haikuwahi kupita mkononi mwake. Walipokuwa wameoana, Jumapili zao zote ziliishia kwenye maegesho ya chini ya jengo la maduka, pale wanaume wazima wanaposhindana kutelezesha magari ya kuchezea ubavu ubavu kwenye kona. Mumewe alishika rimoti akapigiwa makofi, ndiko alikopata lile jina la Kona. Yeye alitambaa chini ya meza kutafuta nati iliyodondoka. Hakulalamika. Alidhani ndoa ndivyo ilivyo, mmoja anaonekana na mwingine anashika tochi.

Kisha binti wa mama mdogo wa Fundi akaja kukaa nao akitafuta kazi. Msichana mcheshi, mwepesi wa mkono jikoni, "dada" asubuhi, "dada" jioni. Akaanza kufuatana nao Jumapili kwenda kushangilia. Yaliyofuata kila mtu aliyajua kabla ya Fundi, hadi mlinzi wa getini. Ndoa ilipovunjika na nyingine kufungwa, ukoo uliitisha kikao, ukasema nyie ni ndugu, msikosane kwa ajili ya mwanamume. Fundi alikubali kwa mdomo.

"Ni difu," Kona alisema. "Fainali ni Jumamosi. Nimeweka gia mpya na sasa difu iko wazi. Nikililaza gari kwenye kona, tairi la ndani linazunguka bure, mkia unakosa nguvu, gari linanyooka. Nataka unifungie, matairi ya nyuma yazunguke pamoja."

"Si una mke?"

"Yule? Bisibisi yenyewe anaishika kama kijiko."

"Jaza gundi ya moto, basi."

"Nimejaza. Ikipata joto inaachia. Ule unga wako wa ufizi ndio unashika. Unakumbuka?"

Alikumbuka, yeye ndiye aliyeugundua. Kabla hajajibu, simu yake ikaita.

"Dada, shikamoo," ilisema sauti ya mdogo wake, mke mpya wa Kona. "Najua ameshafika hapo. Msaidie tu, dada yangu. Usingizi haupati kwa ajili ya hiyo fainali."

"Marahaba," Fundi alisema, akakata.

Alitaka kukataa. Ila akikataa, wawili wale wangekaa mezani kwao jioni na kusema maskini, bado anaumia. Akavuta bisibisi.

Difu yenyewe, kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma, ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, na ndani yake vigia vidogo kama punje za mahindi vilikuwa vinaogelea kwenye grisi. Kazi ya kufunga difu si ngumu. Unasafisha grisi yote kwa spiriti, mpaka kwenye mizizi ya meno ya gia, unakausha, ndipo unajaza. Ukibakiza grisi, ulichojaza kitaonekana kimeshika, lakini kitakuwa kimelala tu juu ya mafuta, kikingoja siku ya kuteleza.

Fundi alianza na brashi, taratibu kama kawaida yake. Kona alikaa kwenye kiti cha wateja, akajizungusha kidogo.

"Kuna jambo nilitaka ulisikie kutoka kwangu, sio mtaani. Mdogo wako ni mjamzito."

Brashi ikasimama.

"Ulisema hutaki watoto," Fundi alisema.

"Zamani hiyo."

"Ulisema magari yanakutosha. Nikaacha kwenda kwa daktari wa uzazi kwa sababu yako."

"Mtu hubadilika, Fundi. Sasa nifanyeje?"

Fundi aliweka brashi chini. Juu juu gia zilikuwa zinang'aa. Kwenye mizizi grisi ilikuwa bado nzito, nyeusi. Aliiona vizuri sana. Akachanganya unga wa pinki na maji yake makali, akamimina juu ya grisi ileile, akasawazisha kwa kisu kidogo, akangoja ugande.

Fundi alipoirudisha difu ndani ya gari, Kona alizungusha tairi moja la nyuma kwa kidole. La pili likazunguka nalo, upande uleule. Difu imefungwa.

"Siku Mungu alipoumba mikono yako hakuwa na haraka," alisema, akaondoka kwa furaha bila hata kufunga mlango.

Siku yoyote kabla ya Jumamosi Fundi angeweza kupiga simu. Mara kadhaa alishika simu mkononi, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Siku ya fainali alikwenda, akasimama nyuma ya watu. Sakafu ya maegesho ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza, na njia imezungushiwa kuta fupi za sponji. Kona alishindana na mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye gari la njano. Mdogo wake Fundi alikuwa mstari wa mbele, mkono juu ya tumbo ambalo bado halijatokeza.

Mzunguko wa kwanza, gari jeusi liliteleza kama linavutwa kwa uzi. Hata waamuzi walitikisa vichwa kwa raha. Mzunguko uliofuata, kwenye kona ndefu mbele ya waamuzi hao, Fundi alisikia kitu kikilia "tak", kama mtu ametafuna jiwe kwenye wali. Mkia ukafa ghafla. Gari likanyooka, likaparamia sponji, likabinuka matairi juu. Watu wakasema "aaah!" kwa pamoja. Walipoligeuza, Kona alijaribu tena, na tena likamgomea.

Furaha aliyokuwa anaisubiri Fundi ilikuja kweli. Ilidumu kama funda la chai. Kwa sababu Kona hakulitazama gari. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Jumatatu mchana akaja tena, safari hii akabisha hodi. Akaliweka gari mezani pamoja na rimoti.

"Chukua. Mimi basi."

"Basi nini?"

"Mikono imekwisha. Nilichelewa kulilaza, nikalishtua. Yule mwalimu amenila mzimamzima."

"Umefungua difu ukaangalia?"

"Ya nini? Si ulifunga wewe?"

Fundi akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Niliacha grisi."

"Nini?"

"Sikusafisha. Nilimimina juu ya grisi, makusudi. Nilitaka ikuachie mbele za watu. Mbele ya mke wako."

Kona akacheka kicheko cha chinichini, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Hata leo unanibebea lawama. Wewe? Wewe huwezi kufanya kazi mbovu hata ukishikiwa bunduki."

"Kona, fungua uone!"

"Acha, bwana. Unanifanya nizidi kujiona mdogo." Akasimama, akamgusa begani kama watu wanavyowagusa wafiwa, akatoka.

Fundi alishika bisibisi. Alipofungua difu, kipande cha pinki kilichomoka chenyewe, kizima, kikadondoka kiganjani kikiwa kimelowa grisi. Akakimbia nacho hadi mlangoni. Kona alikuwa ameshavuka barabara, simu sikioni. Akamwita kwa jina. Mwanamume akapunga mkono bila kugeuka.

Hazikupita dakika nyingi simu ya Fundi ikaita.

"Dada, shikamoo," mdogo wake alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Ameniambia ulivyojisingizia ili umfariji. Jamani, una roho ya aina gani wewe? Tumekubaliana, tukipata wa kike tutampa jina lako."

Maneno aliyokuwa nayo Fundi alikuwa ameshayasema, na hayakupata wa kuyapokea.

"Asante," alisema, akakata simu, akarudi kusugua meno ya watu.