Ng'ombe wa Yotham

Kila asubuhi Zipora alifuta vumbi katika nyumba ya Mjerumani wa reli pale Dodoma, akianzia madirishani na kumalizia kwenye picha ya sebuleni. Ilichongwa kwa sindano juu ya bamba la shaba, kisha ikapigwa chapa kwenye karatasi: watu wa mistari mitupu, bila macho wala midomo. Bwana alisema si watu wa mahali popote.

Siku moja Zipora alisogea karibu, kitambaa mkononi, akamwona mumewe. Alikuwa nyuma ya wenzake, mzigo kichwani, amesimama kwa mguu mmoja kama wasimamavyo wachungaji wa Ugogo. Wengine hubadilisha miguu. Yotham alisimamia wa kushoto tu, maana wa kulia ulivunjwa na fahali. Alichukuliwa upagazi vita ilipoanza, na hakuna aliyeleta habari zake.

Zipora akapiga magoti, akamwamkia Kigogo.

"Mbukwa, baba Loisi."

"Mbukwa, mama Loisi. Ng'ombe hawajambo?"

Akawaulizia mmoja mmoja, kwa jina na kwa rangi, kama inavyopasa. Askari walikuwa wameshawaswaga wote, hawakubakiza hata ndama. Zipora hakuwa na moyo wa kumwambia.

"Wazima," akasema, huku akifuta fremu. "Yule mwekundu amezaa."

Yotham akacheka, kicheko kilekile cha jioni za kijijini kwao Miyuji, alipokuwa akipiga zeze mlangoni pa tembe huku mkewe akitwanga uwele, moshi wa samadi ukifukuza mbu. Zipora alizitamani jioni zile.

"Utarudi lini?"

"Nikiambiwa nitue mzigo."

Basi akamwita Bwana, akamwomba atoe amri hiyo. Bwana alivaa miwani, akainama, akatazama kwa makini.

"Kweli, hajatua," akasema. "Lakini amri ya kutua haitoki kwangu." Akaenda kunywa kahawa yake.

Tangu hapo Zipora alimwamkia mumewe kila asubuhi, na kila asubuhi aliulizwa habari za ng'ombe. Mweusi akazaa. Wa mabaka akazaa mapacha. Mvua zilipokwisha, Miyuji nzima hapakuwa na mtu mwenye ng'ombe wengi kama Yotham, na mzigo ulikuwa ungali kichwani.