Sindano ya Baba Mkwe

Zéphirin, mkazi wa Wamaza, alipigwa na mafua siku kumi na moja. Siku ya sita yalipungua, akamshukuru Mungu. Siku ya nane yakarudi kwa hasira. Shavu la kushoto likauma mpaka meno ya juu, na akiinama tu, kichwa kinataka kupasuka.

Dawa ilikuwepo dispansari, nayo kwa kawaida ni sindano. Lakini muuguzi pale alikuwa nani? Yakubu, baba mkwe wake! Na kwao, mkwe akiona matako yako, ndoa imekwisha: mke anarudi kwao siku hiyohiyo. Na Zéphirin, jamani, alimpenda Marie-Louise kupita kiasi.

"Utakufa na heshima yako," mkewe akamwambia. "Jicho inaanza kuvimba. Twende!"

Kule dispansari Yakubu, kwa adabu, aliutazama ukuta. "Inama."

Zéphirin akainama, akapiga yowe. Yakubu akamgonga shavu la kulia: kimya. La kushoto: yowe, kuku wa uani wakatawanyika.

"Makamasi iko rangi gani?"

"Kijani, baba. Na inanuka."

"Hii haiko mafua tena. Usaha imejaa ndani ya mifupa ya shavu. Utajifukiza mvuke asubuhi na jioni, na penisilini siku tano." Akakohoa. "Sindano ya matako."

Lo! Wote watatu wakautazama ukuta.

Marie-Louise akatwaa shuka la kitandani, akalitundika mlangoni, akalikata tundu kwa mkasi.

"Shuka ya Leta, mali ya serikali!" Yakubu akalia.

"Baba, nyuma ya shuka iko mugonjwa wa Nyangwe. Anaitwa François. Hatumujui."

Basi François akachomwa siku tano. Na Yakubu, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amemwambia mkwe wake maneno kumi, akaona François ni mtu wa kuzungumza naye.

"Mukwe wangu iko muoga kama nini," akamwambia siku ya pili, akichoma.

Siku ya nne akasema polepole, "Alipokuja kuoa, nilitaka kumukatalia. Niliona iko muvivu. Nilikosea, François."

Nyuma ya shuka Zéphirin alilia, wala si kwa sindano.

Siku ya tano uvimbe wa jicho umekwisha, shavu limetulia. "Umepona," Yakubu akasema. "Rudi kwenu Nyangwe."

Kesho yake asubuhi Yakubu akakuta miguu ya mtu chini ya shuka, na suruali imefungwa vizuri.

"Nani huko?"

"François, baba."

"Unaumwa nini tena?"

"Siumwi kitu. Nimekuja kuzungumza tu."

Yakubu akavuta kiti, akakaa upande wake wa shuka.