Siku Mama Mkwe Alipojificha Jikoni

Mara nne Nasambu alikuwa ametoka Sirisia hadi Kitale kuzungumza na watu waliopatikana na hatia ya kuendesha gari wakiwa walevi. Wacera, afisa wa probesheni anayesimamia vifungo vya nje, ndiye aliyemwalika. Kila mara alisimulia jinsi kitindamimba wake, Nakhumicha, alivyofia garini karibu na Malakisi, dereva akiwa mlevi. Yaliyotangulia safari hiyo aliyameza.

Mara ya tano, wanaume tisa walikuwa ofisini kwa Wacera kwenye viti vya plastiki, mikono kifuani. Mmoja wao, Gathii, alimnong'onezea jirani yake kwamba ni kama wameletwa kanisani bila sadaka. Nasambu alimsikia, akaendelea hadi alipozoea kukomea. Gathii akainua mkono.

"Mama, usikasirike. Huyo dereva si alitoka mahali? Ati hakuna mtu alimwona?"

Angeweza kusema hajui. Angesema kweli, lawama ingemrudia, na habari ingemfikia binti yake Jentrix, mke wa dereva huyo. Alikuwa amebaki na binti huyo mmoja tu.

"Mimi nilimwona," alisema.

Akawaeleza. Dereva alikuwa Makokha, mkwe wake, ambaye sasa yuko gerezani. Nyumbani kulikuwa na sherehe ya tohara, na wageni walikuwa wakinywa busaa, pombe ya kienyeji, tangu asubuhi. Kwao Wabukusu, mama mkwe hamkaribii mkwe wake wala hamtazami usoni. Kwa hiyo alipomwona Makokha akipepesuka, funguo mkononi, na Nakhumicha akipanda gari apelekwe Bungoma, alirudi nyuma ya mlango wa jikoni wasikutane ana kwa ana.

"Nilisema hiyo ndiyo heshima. Ningesimama mbele ya gari, watu wangenisema wiki moja, halafu wangechoka."

Mwanamume mwingine, Levi, fundi wa baiskeli kutoka Lwakhakha, alisema mama mkwe wake pia humkimbia. "Leo namtuma bibi yangu akamwambie mamake. Akiniona nimelewa nimeshika funguo, aninyang'anye. Hata kama ni mbele ya wazee."

Gathii aliinama, akasema pole, mara mbili.

Nasambu alipotoka nje hakungoja kufika nyumbani. Alimpigia Jentrix simu, akamweleza yote kwa pumzi moja, kisha akangoja kutukanwa.

"Mama, nilikuona ukijificha," Jentrix alijibu. "Nilikuwa dirishani. Na mimi sikutoka, niliogopa kumwaibisha mume wangu mbele ya wajomba. Miaka hii yote nikija huko sikai, nafikiri utaniuliza kwa nini sikumzuia."

Nasambu aliketi kwenye ngazi za ofisi. Machozi yalimtoka, lakini alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Sikuulizi," alisema. "Njoo Jumamosi na watoto. Mlale."

"Tutalala," Jentrix alisema.